Dizeli mpya ni safi ila ina masharti yake

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Hizi injini mpya za dizeli watu wanazisifia tu kwamba zinakula mafuta kidogo na hazitoi moshi mweusi, na ni kweli bwana, mafuta yanasukumwa kwa presha inayoweza kupita bar 2,000 yanaingia kama ukungu, yanaungua vizuri, sasa moshi utoke wapi. Ila mbona wauzaji hawasemi habari ya chujio la masizi?

Lile chujio liko kwenye ekzosi, linakamata masizi, halafu gari likipiga mwendo mrefu chujio linapata moto wa kama digrii 600 linayachoma lenyewe. Ukiwa mtu wa vitrip vifupi na foleni, halipati moto, linaziba, taa inawaka kwenye dashibodi, gari linakosa nguvu, afu fundi anakushauri mlitoe chujio kabisa! Sasa dizeli safi ulinunua ya nini?

Kuna na lile tangi la urea, yaani dawa ya maji inayopulizwa kwenye ekzosi kupunguza oksidi za naitrojeni, zile gesi zenye sumu, likikauka ukazima injini haiwaki tena mpaka ujaze. Na mafuta yenyewe yanatakiwa salfa iwe chini sana, sehemu 10 kwa milioni.

Na sifa za kampuni tuzipime, 2015 si Volkswagen walinaswa Marekani na programu iliyojua gari linapimwa, safi kwenye vipimo, barabarani linamwaga sumu. Haya yote mnunuzi aambiwe kabla hajasaini, sio taa ishawaka.

Msomaji wenu