Risala ya Klabu ya Wushu ya Skuli kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa michezo wa Mkoa na Wilaya,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kutuangalia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vijana uliowaona wakiruka na kuzungusha fimbo wanacheza wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina, mchezo wenye sheria na waamuzi wake duniani. Shirikisho la Kimataifa la Wushu liliundwa Beijing mwaka 1990. Mwaka uliofuata mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika huko huko, na mwaka 2023 yalikuwa Fort Worth, Marekani. Olimpiki ya wakubwa bado haijaupokea mchezo huu, lakini umo katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kuandaliwa katika ardhi ya Afrika. Dakar ni Afrika, Mheshimiwa. Ndiyo maana tunazungumza leo kwa hamu kubwa.

Vijana wetu wana pumzi, viungo vyepesi na ujasiri. Hata fimbo si ngeni kisiwani hapa. Anayejua kirumbizi, mchezo wetu wa kupigana kwa fimbo, anajua kupima umbali wa mwenzake. Tunachokosa ni mazingira ya kujiandaa kwa mashindano. Katika taolu, ambayo mchezaji huonyesha mfululizo wa mitindo peke yake, alama ni 10: 5 za usahihi wa mienendo, 3 za onyesho zima na 2 za ugumu. Changquan, mtindo mmojawapo wa taolu, haipungui dakika 1 na sekunde 20. Ukiruka ukatua ukayumba, unakatwa alama. Ukikanyaga nje ya zulia, unakatwa pia. Zulia hilo lina mita 14 kwa 8, nasi tunafanyia mazoezi juu ya saruji tuliyoichora mipaka kwa chaki. Kijana wa saruji haruki kwa nguvu zake zote, na hatumlaumu, kwani magoti hayo ndiyo atakayotembelea maisha yake yote.

Kwenye sanda, ambayo ni pambano la watu wawili, uwanja ni jukwaa la mita 8 kila upande, lililoinuka sentimita 80. Kupiga kwa kiwiko, goti au kichwa ni marufuku. Ukianguka nje ya jukwaa mpinzani anapata pointi 2, na ukianguka mara mbili katika raundi moja, raundi hiyo imekwenda. Sisi tunapigania chini, kwenye usawa, kwa hiyo mchezaji wetu hajawahi kuhisi ukingo nyuma ya kisigino chake.

Wazazi wenye mabinti, wasiwasi wenu tunausikia na tunauheshimu. Tunawaomba mwatazame Elaheh na Shahrbanoo Mansourian, ndugu wawili wa Iran, ambao wamekuwa mabingwa wa dunia wa sanda huku wamejistiri nywele zao. Mabinti wa klabu hii nao wanafanya mazoezi na hijabu zao, na kuwahi kwao mazoezini kunatupa moyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa ni zulia. Likipatikana hilo, mengine tutayasubiri. Madaktari wa Kichina wametibu Wazanzibari tangu miaka ya 1960, na Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China. Tunakuomba utufikishie sauti Ubalozi Mdogo wa China ulioko Unguja, ili urafiki huo uguse na michezo. Pia tunaomba walimu wawili, mmoja wao mwanamke, wapelekwe mafunzo ya uamuzi, maana bila mwamuzi tunasifiana wenyewe kwa wenyewe na makosa yanabaki pale pale.

La mwisho linatuuma. Wachezaji wa Zanzibar hushiriki Olimpiki chini ya bendera ya Tanzania, nasi tunaipenda bendera hiyo. Lakini taarifa za majaribio ya kuchagua wachezaji zimewahi kutufikia Pemba wakati majina yameshapelekwa. Tunaomba zitufikie mapema, tukiwa na muda wa kutafuta nauli ya boti na kuwaandaa watoto. Wakishindwa mbele ya waamuzi, tutakubali na kurudi mazoezini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.