Mzee wetu hana haja ya ngao nyingine

Wanangu mnaojitolea kwenye reli yetu ya treni za mvuke,

Nimenyamaza tangu siku ya sherehe nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, basi nisikilizeni.

Mmemtunuku Mzee wetu ngao kwa kujitolea kwake miaka yote hii. Vizuri. Jina lake mmelikosea herufi. Hilo dogo, mchongaji atalirekebisha. Kilichoniudhi ni kingine. Mgeni rasmi akiwa katikati ya sifa, Mzee aliinuka, akavuka reli na suti yake, akapanda kwenye injini iliyokuwa na moto na kuanza kufungua vikoki vya kioo cha maji, kile kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila, kimoja baada ya kingine. Mkacheka, mkasema mzee hatulii. Jamani! Kijana aliyeachiwa injini ile alikuwa ameshuka kuja kupiga picha.

Mnajua alikuwa anatafuta nini kule juu? Paa la tanuru ndani ya boila sharti lifunikwe na maji wakati wote. Maji yakipungua likabaki wazi, moto hulainisha chuma chake, mvuke ukalikandamiza kwa nguvu zake zote, na boila linaweza kupasuka likaua watu. Pale paani pana kizibo chenye kiini cha madini ya risasi, kinachoyeyuka ili kuwashtua, lakini kikifikia kuyeyuka mmekwisha kuzembea. Na kioo chenyewe huweza kudanganya: njia zake zikiziba kwa uchafu, kinaonyesha maji yasiyokuwepo. Ndiyo maana Mzee hakiamini kwa kukitazama tu. Hukipuliza kwanza kwa kufungua vile vikoki, akaona maji yanavyoshuka na yanavyorudi, na kasi ya kurudi kwake humwambia mengi. Nani kati yenu anajua kuisoma kasi hiyo? Nimeuliza karakana nzima. Mmoja alinijibu, "Mzee yupo."

Yupo, ndiyo. Mpaka lini?

Hii ndiyo tabia yetu, wala si yenu peke yenu. Tunapenda kumvika mtu shada kuliko kumpokea mzigo. Akiwa hai tunamwachia kazi yote kwa kuwa "anaiweza", akifa tunashindana kutoa rambirambi ndefu, halafu injini inasukumwa pembeni ishike kutu kwa sababu hakuna anayejua kuiwasha. Mambo ya kale tunayapenda yakiwa nyuma yetu kwenye picha.

Reli ya Talyllyn kule Wales ilifunguliwa mwaka 1865 kubeba mawe ya kuezekea. Mwenye mali, Sir Henry Haydn Jones, alipofariki mwaka 1950, ilikuwa imebaki kidogo ife naye. Watu wa kujitolea wakaichukua, na mwaka 1951 wakaanza kuendesha treni wenyewe, wa kwanza duniani kuokoa reli kwa njia hiyo. Njia ilikuwa imemezwa na majani, mataruma yameoza. Wangesubiri wenye ujuzi wawafanyie, leo pasingekuwa na kitu. Walishika fyekeo, wakajifunza.

Mengine nayasema kwa ufupi. Mzee mrudishieni nauli yake. Vipuri vya kabati la nyuma viandikeni majina, maana ramani yake iko kichwani mwake tu. Mkewe mshukuruni, mikono ya kufua masizi yale ni yake. Na akitaka kupumzika, msimfute kwenye orodha. Muwekeeni kiti karakanani.

Jumamosi hii injini inawashwa. Boila baridi haliharakishwi, chuma kinataka kupata moto polepole, kwa hiyo Mzee huanza alfajiri. Nataka wawili wenu wawe pale kabla yake, na ovaroli, matambara na daftari. Mmoja atie makaa, mwingine aandike. Simu ziacheni ofisini. Mkikuta moto umeshawashwa, Jumamosi ijayo njooni mapema zaidi.

Mimi, mzee mwenzake.