Bodaboda wa Kaboya, asante sana

Jamani kama kuna mtu anamjua yule kijana wa bodaboda aliyenipeleka Kaboya pale Muleba Jumamosi naomba amfikishie asante yangu, maana jina sikumuuliza na simu ilishazima chaji. Nilimwambia tu nataka kwenda kwenye makaburi ya wale wanajeshi waliofia vita ya Kagera, mjomba wangu alipigana nao 78 mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979, yeye akarudi wenzake wakabaki, na kabla hajafa alitaka mtu aende akawasalimie. Basi yule kijana mvua inanyesha kanivulia koti lake, kufika akazima pikipiki mbali kidogo, akavua helmeti, akasimama nayo kifuani muda wote nilipokuwa nalia. Vita yenyewe hakuikuta hata, ila ananielezea jinsi Amin alivyovamia, daraja la Kyaka lilivyovunjwa, kanisa la Kyaka mpaka leo magofu, bibi yake alikimbia na kuku kapakatwa (kuku!). Nauli ya kurudi akakataa, eti "salamu hazilipiwi dada". Kaka koti lako ninalo, nimelifua, nalirudishaje?