Visima vyetu vipimwe aseniki, si vijidudu peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu maji ya visima kwenye vijiji vya wachimbaji hapa Geita. Mimi ni fundi cherehani na nina saratani ya ngozi. Sina ualbino, sijawahi kuungua moto, wala sijawahi kuugua kidonda ndugu. Nayataja hayo kwa sababu ndiyo maswali ya kwanza ya kila daktari, na wana haki kuuliza. Wenzetu wenye ualbino huumizwa na jua, na kwetu sisi weusi saratani hii mara nyingi huota juu ya kovu la moto au kidonda cha siku nyingi.

Yangu ilianzia kiganjani, mkono wa kulia, pale mkasi unapokaa. Vilitokea vinundu vigumu kama punje za mtama, nikasema ni sugu ya kazi. Kimoja kikachimbika, kikawa kidonda kisichofunga. Walikikata hospitali ya Bugando, Mwanza, wakatoa ngozi pajani wakaziba, nikarudi kwenye cherehani yangu. Baadaye likatokea baka lenye magamba ubavuni, chini kidogo ya kwapa. Likakatwa. Kisha jingine kiunoni, pale pale ninapofungia kanga. Sasa kila kliniki navuliwa nguo nikaguliwe mwili mzima, na ni nadra kurudi nyumbani bila kukatwa kipande. Jirani mmoja amenishauri niachane na hospitali, anamjua mtaalamu Sumbawanga. Nimemshonea gauni lake, nikanyamaza.

Kiuno changu na jua wapi na wapi? Hilo ndilo lililomfanya daktari aulize maji ninayokunywa yanatoka wapi, kisha akaniambia nivue viatu. Nyayoni nina vinundu vile vile. Ndipo nikaisikia aseniki kwa mara ya kwanza.

Sumu hii hukaa ndani ya mwamba, na mwamba wenye dhahabu mara nyingi unayo. Huku kwetu mwamba huo unasagwa kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, mchana na usiku, na marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, yamelundikwa upande wa juu wa kisima. Mvua ikinyesha kila mtu anaona yanaelekea wapi. Lakini inaweza pia kuingia majini yenyewe kutoka chini ya ardhi, kwa hiyo simnyooshei kidole mwenye karasha. Haina rangi, ladha wala harufu. Anayeinywa miaka mingi hupata madoadoa mwilini, viganja na nyayo vikawa vigumu, na saratani inaweza kuja miaka kumi au ishirini baadaye, hata mahali palipofunikwa na nguo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji. Watu hapa wanaiogopa zebaki, ile ya kukamatia dhahabu, na ni kweli inaharibu mishipa ya fahamu na figo, ila aseniki hata jina lake hawalijui.

Daktari hakuniapia kwamba ni kisima. Alisema inawezekana, nami naandika kama mtu anayeshuku. Kinachoniudhi ni majibu niliyopewa ofisini nilipokwenda kuuliza. Maji yamepimwa, ni salama. Yamepimwa nini? Vijidudu. Nikaomba karatasi ya majibu, sikupewa. "Mama, wewe chemsha tu." Kuchemsha kunaua vijidudu. Aseniki haifi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale.

Wenzetu wa Bangladesh walishapita njia hii. Kuanzia miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya pampu kwa wingi ili waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwaka 1993 ikagundulika kwamba baadhi ya visima hivyo vina aseniki, na baadaye ikaonekana ni vingi mno. Walipopima kimoja kimoja, pampu ya kisima chenye sumu ilipakwa rangi nyekundu, ya kisima salama ikapakwa kijani. Hata asiyejua kusoma alielewa. Na mara nyingi kisima cha jirani, hatua chache tu, kilikuwa kizuri, watu wakahamia huko kuchota.

Ninachoomba ni hicho hicho. Kila kisima kipimwe aseniki na namba iliyopatikana ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, tuisome wenyewe. Waganga wa zahanati nao wawe wanatazama viganja na nyayo za watu, maana wachimbaji wengi wana sugu na hakuna anayewauliza ni sugu ya nini.

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mwanza. Safari yangu ijayo ya kliniki nitapita pale na maji ya kisima chetu. Majibu nitayaleta kwenye gazeti hili, yawe yamenipa haki au yameniumbua.

Fundi cherehani,
Geita
(Jina limehifadhiwa)