“Atanyooka akianza kutembea”: si kila mguu

Ndugu Mhariri,

Mtoto mchanga akionekana nyayo zimegeukia ndani, ushauri wa mtaani ni uleule: mkande kwa mafuta ya nazi, atanyooka akianza kutembea. Kwa mguu wa aina moja ni kweli. Kwa mwingine, ni kumchelewesha mtoto.

Upo mguu uliopinda sehemu ya mbele tu. Kisigino kimekaa sawa na ukiusukuma taratibu unanyooka. Mara nyingi huo ni mkao wa tumboni, na wengi hupona bila tiba yoyote. Mguu kifundo ni habari nyingine. Kisigino kimevutwa juu, unyayo unatazama mguu wa pili, na ukijaribu kuukunja kwenda juu unagoma. Huo ukiachwa, mtoto atakanyagia ubavu wa mguu. Humpata takriban mtoto mmoja katika kila 1,000, wavulana zaidi. (Wala mama hakumcheka mlemavu akiwa mjamzito. Mawifi waache hayo.)

Tiba ipo, hata hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaitoa. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa hogo (plasta ngumu) linalobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hukatwa pia kano ya kisigino kwa ganzi, kijeraha kidogo tu, kisha hogo la mwisho la wiki tatu.

Balaa huanza hogo likishatoka. Mguu umenyooka, nyumba nzima imefurahi, na viatu vilivyounganishwa kwa chuma, anavyopewa mtoto ili mguu usirudi kupinda, vinatupwa uvunguni kwa sababu mtoto analia. Vinatakiwa kuvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha kila anapolala mpaka miaka minne au mitano. Vikiachwa mapema, mguu hurudi ulikotoka. Tena namna ya kuvalisha ina kazi yake: kisigino kikae chini kabisa ndipo mkanda wa katikati ukazwe. Ukiulegeza kwa huruma, mguu unachezacheza ndani na malengelenge yanatokea hapo hapo.

Ombi langu kwa hospitali zetu: siku ya kukabidhi viatu, baba na bibi nao waitwe wafundishwe kuvalisha. Amri ya “mvueni huyo mtoto” saa nane za usiku mara nyingi haitoki kwa mama.

Mzazi,
Morogoro