Riwaya za vijana zimpe nafasi kijana wa kawaida

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waandishi na wachapishaji wa riwaya za vijana. Wahusika wakuu wa miswada mingi ni wa aina mbili tu: anayeokoa kijiji kizima, na anayeteswa na kila mtu. Huyu wa pili naye ni shujaa, shujaa wa mateso. Baba mlevi, mama mgonjwa, shangazi katili, nyumba inaungua, na hapo bado tuko sura ya tatu. Msomaji wa miaka 15 anamhurumia, lakini hajioni humo.

Kumweka kijana wa kawaida katikati ya riwaya si jambo geni kwetu. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alimweka binti wa kijijini Ukerewe katikati ya Rosa Mistika, na hadi leo riwaya hiyo inasomwa.

Mhusika wa kawaida hubebwa na lengo moja dogo, lenye gharama na lenye saa ya mwisho. Tuseme kijana wa kidato cha tatu anaishi Chanika na kusoma Gongo la Mboto. Lengo lake ni kufika shuleni kabla ya namba, yaani wanafunzi kuhesabiwa asubuhi. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo abiria wakijaa alfajiri, konda anamzuia mlangoni. Mgogoro umeshapatikana, na wala hakuna mtu mbaya: konda naye ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni. Kijana anakubali kumpigia debe kwanza, ndipo apande. Sasa anawahi namba, ila mwalimu amemwona kituoni akiita abiria na sare mwilini. Kila anapotatua jambo, azue deni jingine. Kwa njia hiyo maneno 30,000 yanajaa bila jambazi wala mzimu. Lakini lengo lenyewe lijulikane ndani ya kurasa tatu za mwanzo. Likichelewa, mwandishi huingiwa na hofu kwamba hakuna kinachotokea, akaleta ajali.

Hali halisi nayo ichunguzwe. Bado wapo wanaoandika mtoto wa leo anafukuzwa sekondari ya serikali kwa kukosa ada, ilhali Tanzania ilifuta ada hiyo hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Kinachomkwaza sasa ni nauli, sare, madaftari na chakula cha mchana. Vijana hugundua kosa hilo mara moja, na hapo kitabu kimeshapoteza imani yao.

Misimu itumike kwa kiasi, kwenye mazungumzo tu, maana mingi huchuja kabla kitabu hakijatoka kiwandani.

Miisho ndiyo inayoharibu zaidi. Mjomba anatua kutoka Ulaya na fedha, mhusika anashika namba moja kitaifa, mkuu wa shule anahutubia kurasa mbili. Waandishi wanawaza swali la mtihani kuhusu ujumbe, basi wanauandika wenyewe. Kijana apate nusu ya alichotaka, na tuone kilichomgharimu.

Kabla ya kupeleka mswada kwa mchapishaji, wape vijana watatu sura nne za mwanzo, kisha muulize kila mmoja peke yake: huyu anataka nini? Wakitoa majibu matatu tofauti, rudia sura ya kwanza.

Mhariri wa hadithi za vijana,
Dar es Salaam