Barua kwa kina baba mnaolea kwa simu

Asalaam alaykum, wanangu.

Nakuandikieni nyinyi mlioondoka Pemba mkaacha watoto nyuma: mlio Darajani na Mwanakwerekwe kule Unguja, mlio Kariakoo, Tanga na Maskati, na nyinyi wavuvi wa Kojani ambao dago, kambi ya uvuvi ya mbali, linakuchukueni miezi. Sikulaumuni kuondoka. Kisiwa chetu kidogo, na mkarafuu una mwaka wa kuzaa na mwaka wa kunyima. Mwanamume kutoka kwenda kutafuta si aibu. Neno langu ni moja tu: watoto wenu wanakuogopeni, na mtoto anayekuogopa hatakwambia siku litakapomfika la kumfika.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani kwa jirani, baada ya alasiri. Simu ikalia ndani. Mama mtu akatoka nayo akaita, "Njoo, baba'ko anataka kuzungumza nawe." Mtoto ana miaka tisa, alikuwa akicheza pale pale uani. Alitoka mbio akajificha nyuma ya mapakacha ya makumbi. Nilipomfuata akaninong'oneza: "Babu, kwani leo nimefanya nini?"

Hakuwa amefanya kitu. Baba'ke alikuwa na simu mpya, alitaka kumwona tu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimfikiria mama'ke, ambaye akishachoka husema, "Ngoja nimpigie baba'ko." Na humpigia kweli, siku mtoto kakimbia chuo cha Kurani au kavunja gilasi au kampiga mwenzake. Baba naye huko aliko kachoka na kazi, anafoka dakika mbili, "Nikija utanitambua," pesa ya simu inakwisha. Mtoto anabaki na baba ambaye ni sauti ya kufoka, na bakora inayokuja na meli.

Najua ninalolisema kwa kuwa nimelifanya. Mimi ni katika watoto walioanza skuli mara tu baada ya Serikali kutangaza elimu bila malipo, Septemba 1964. Nikaja kuwa mwalimu, na kwa miaka saba nilisomesha Unguja huku familia iko Wete. Nikirudi likizo, nyumba hutulia. Redio inazimwa, wakubwa wanashusha sauti, mdogo ananiamkia kisha anatoka nje. Nikayaita adabu, nikajisifu nayo kwa wenzangu msikitini. Mwanangu mkubwa, ambaye sasa ana watoto wanne, aliniambia siku ya hitima ya mama'ke, tumekaa wawili kwenye mkeka: "Baba, sisi tulikuwa tukihesabu siku za wewe kurudi Unguja." Hakuwa na hasira. Alilisema kama mtu anayesimulia mvua ya zamani. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Mnapenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nimeisikia sana barazani, na takriban kila mara anayeisema ni mwanamume, mtoto akishaharibika. Methali ile haikusemwa iwe ruhusa ya baba kujitoa. Mama ana skuli, ana chuo, ana homa za usiku, ana maji ya kuteka, na bado adabu yote mnamdai yeye. Wengine wenu mlishaachana, mtoto yuko kwa bibi'ke mwenye kuumwa magoti. Ukimfokea mtoto huyo kwa simu, na yule bibi umemfokea.

Pesa tumeni. Sina haja ya kulirefusha hilo. Dini imelisema, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, nayo imemwekea mzazi wajibu wa kumtunza mwanawe.

Sasa nifike panaponiuma. Mnazisikia habari za udhalilishaji wa watoto, wa kike na wa kiume. Mara nyingi mfanyaji si mgeni. Ni jamaa, ni jirani, ni mtu anayeaminiwa nyumbani, anayempa mtoto hela ya aiskrimu. Humwambia: ukisema, baba'ko atakuua. Mtoto ambaye baba'ke hajamjua ila kwa kufoka, kwa nini asiamini? Nilipokuwa nasomesha, mtoto mmoja mchangamfu darasani kwangu alinyamaza ghafla, akanyamaza muhula mzima. Tulimchapa kwa uvivu. Bakora nilishika mimi. Sababu tulikuja kuijua baadaye, ameshaacha skuli.

Na likijulikana, unakuja muhali, ile haya ya kumkatalia jamaa. Wakubwa wanajifungia ndani: huyu ni damu yetu, tutamvunjia heshima, tuyamalize wenyewe. Kisha baba anapigiwa simu aseme kwamba amesamehe. Wanangu, muhali uwekeni kwenye mipaka ya mashamba na kwenye madeni. Kwenye mwili wa mtoto hauna nafasi. Semeni hapana, na msikate simu mpaka mjue mtoto anapelekwa hospitali, siku ile ile, kabla hajaogeshwa, maana maji huondoa ushahidi. Chake Chake pana kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri humsikiliza mtoto pahala pamoja. Namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure. Lakini yote hayo yanamngoja mtoto aseme kwanza, na atamwambia mtu aliyemzoea.

Basi pigeni simu siku ambayo hapana kesi. Usianze na "umesoma?" Kila mtoto ana jibu lake, nalo ni ndiyo. Muulize leo wamepika nini. Muulize chuoni kafika sura gani, na ni aya ipi inayomtatiza ulimi, akusomee. Akinyamaza, ngoja, usiijaze nafasi ile kwa mawaidha. Ukimwahidi Ijumaa baada ya magharibi, iwe Ijumaa baada ya magharibi, kwa sababu yeye ataisubiri. Akifanya kosa, mama'ke amrekebishe pale pale, na wewe umuunge mkono mama, mtoto akisikia. Na nyinyi mama zao, nakuombeni sana, msimfanye baba kuwa zimwi la kutishia mtoto asiyetaka kulala.

Karafuu zikiiva, rudini hata siku kumi. Chombo kilichojaa kupita kiasi msikipande. Sijausahau usiku ilipozama meli ya MV Spice Islander, Septemba 2011, wala nyumba za huku zilizobaki bila baba. Mchana mtoto aende skuli, na mtini asipande, tawi la mkarafuu hukatika bila kuaga. Usiku ndio wenu. Karafuu zikishafika nyumbani, kaeni naye kwenye jamvi mchambue, karafuu huku, makonyo kule. Mikono inafanya kazi yenyewe, macho yako chini, hakuna anayemtazama mwenziwe usoni. Mtoto mwenye neno zito hulitoa katika hali kama ile. Baba yangu hakuwa msemaji, lakini karibu yote ninayoyajua juu yake, hofu zake na mapenzi yake, nimeyapata kwenye jamvi la karafuu, vidole vikinuka mpaka asubuhi.

Yule mtoto wa nyuma ya mapakacha nimemwambia kwamba nitamwandikia baba'ke. Akashtuka: "Utamwambia nini, babu?" Nikamwambia nitamwambia akuulize habari ya ngalawa yako. Ameichonga mwenyewe kwa gongo la mti laini, tanga ni kipande cha mfuko wa saruji. Ya kwanza ilimzamia kidimbwini. Hii ya pili ameitia ndubi mbili, zile mbao za ubavuni za kuizuia isipinduke, na inakwenda.

Baba mtu, ukiisoma barua hii utajijua. Muulize ndubi zile alizifunga na nini.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba